Sponji Isiyooshwa

Katika mji wa Prostějov vumbi lilimwogopa mtu mmoja tu, naye ni Květa Zbořilová. Alikuwa ameshona suruali za suti kiwandani tangu usichana wake hadi alipostaafu, na jicho lililozoea kuona uzi mmoja uliokwenda kombo halikukubali kupumzika lilipofika nyumbani. Madirisha yake yalioshwa kabla ya Pasaka, kabla ya Krismasi, na kila mvua ilipothubutu kuyachafua hapo katikati. Majirani wa jengo lile walisema kwa Květa unaweza kula mkate sakafuni bila sahani. Aliyasikia hayo, akafurahi, akaongeza sabuni.

Basi Mungu, ambaye hakosi mzaha, akampa mume mwenye tangi la samaki.

Lojza Zbořil alikuwa fundi wa taa za reli, mpole, mzito wa maneno, mwepesi wa kucheka. Tangi lake la kioo lilikuwa refu kuliko kochi, nalo lilikaa sebuleni kando ya dirisha, mahali ambapo wake wengine wote wa jengo lile waliweka kabati la glasi za wageni. Ndani yake waliishi samaki weusi wenye mshipi mweupe kiunoni, asili yao Ziwa Tanganyika, ingawa hawa walizaliwa papo hapo Prostějov, wao na mama zao na bibi zao, na Kigoma hawaijui hata kwa harufu. Samaki wa namna hiyo wanalisha mawe. Kutwa nzima wanachuna mwani kwa midomo yao mipana, kama mbuzi walioachiwa kilimani. Kwa hiyo Lojza aliuacha mwani uote kwenye mawe na kwenye kioo cha nyuma, mnene, wa kijani kibichi, na jioni aliutazama kwa raha ya mkulima.

"Wenzako wanalima nyanya," Květa alimwambia. "Mimi wangu analima ukungu, sebuleni, mbele ya wageni."

"Si ukungu, Květuška. Ni mkate wao."

"Mkate wao! Na mimi nani ananitolea takataka?"

Lojza alitoa takataka, akarudi, akakaa tena kwenye kiti chake mbele ya tangi. Huyu jikoni, yule kwa samaki wake, na katikati mlango ulioachwa wazi ili wapigiane kelele vizuri. Ndivyo walivyoishi, na nimewahi kuona ndoa mbaya zaidi ya hiyo zenye vitanda vya bei.

Mambo mawili ya tangi lile Květa hakuyasamehe. La kwanza ni kichujio. Lojza alikitengeneza mwenyewe, sanduku refu la plastiki ngumu, angavu kama kioo, lililoning'inia ubavuni mwa tangi upande wa dirisha. Maji yaliingia kwa mpira angavu, yakapita kwenye sponji tatu nene, yakarudi kwa mpira mwingine. Sponji hizo zilikuwa na rangi ya matope. Mara moja moja Lojza alizitoa, akazikamua taratibu kwenye ndoo ya maji yaliyotoka humo humo tangini, akazirudisha zikiwa bado na rangi ya matope.

"Hata sahani ya mbwa inaoshwa vizuri kuliko hivyo," Květa alisema.

"Ukiiosha ikatakata, umeiua."

"Sponji haifi, Lojza. Mvivu ndiye anayesema hivyo."

La pili lilikuwa pazia. Kila dirisha la jengo lile lilikuwa na lesi nyeupe, iliyopigwa pasi, fahari ya mwenye nyumba. Dirisha la kando ya tangi, kwa amri ya Lojza ambaye hakutoa amri nyingine yoyote maishani mwake, lilikuwa na pazia zito la kahawia lililofungwa mchana na usiku. Květa aliliona kila alipotoka dukani akiinua macho, na kila mara moyo ulimchoma kama vile amesahau kufunga kifungo cha blauzi mbele za watu.

Mwezi wa tatu Lojza alisimama kwenye foleni ya mkate, akaegemea dirisha la duka, na moyo wake haukuendelea.

Květa alivaa nyeusi, kama mama yake alivyovaa na bibi yake kabla yake: sketi nyeusi, blauzi nyeusi, soksi ndefu nyeusi, mwaka mzima bila mjadala. Baada ya mazishi alifanya alichokijua. Aliosha nyumba. Aliliteremsha lile pazia la kahawia, akalikata vitambaa vya kupigia deki, akatundika lesi nyeupe. Jua likaingia sebuleni kwa mara ya kwanza. Aliona aibu kidogo kwamba limempendeza.

Binti yao, Radana, aliyekuwa akiishi Brno na aliyeamini kwamba kila huzuni ina mahali pa kuitupia, alimpigia simu kila Jumapili. "Mama, toa hilo tangi. Klabu yao ya wafuga samaki watalichukua. Wewe mwenyewe ulikuwa hulitaki."

"Baada ya Krismasi," Květa alijibu.

Hakumwambia sababu. Jioni alipozima redio, pampu ilinguruma taratibu kule sebuleni, na nyumba haikuwa kimya kabisa. Aliwalisha samaki asubuhi kama Lojza alivyowalisha, nao walimjia kiooni wakimgombea. Katika vitu vyote alivyoacha mumewe, saa, viatu, kofia ya kazini, hao peke yao ndio waliokuwa wakipumua. Alimpenda mume wake kuliko alivyowahi kumwambia, na sasa hapakuwa na pa kulipeleka pendo hilo isipokuwa kwenye kijiko cha chakula cha samaki.

Majira ya joto yalikuwa na jua kali mwaka ule. Jua lilipita kwenye lesi, likapiga lile sanduku angavu na ile mipira angavu, na mwani, ambao hauhitaji kualikwa mara mbili, ukaota ndani. Ulianza kama kivuli cha kijani ukutani mwa mpira. Kufika vuli ulikuwa nyuzi ndefu zinazopepea, kisha utando, kisha kizibo. Mwani juu ya jiwe ni chakula. Ndani ya kichujio ni donda la koo. Maji yaliyokuwa yakirudi tangini kwa kishindo sasa yalitiririka kama chai inayomiminwa na mtu bahili, na Květa akawa anaisikiliza pampu ikijikongoja, naye akijikongoja pamoja nayo.

Ikafika Jumamosi ya usafi mkubwa wa Krismasi. Anayejua usafi huo hahitaji kuelezwa, na asiyeujua namwonea wivu. Mazulia yalishapigwa uani, makabati yalishasogezwa, biskuti zilishalala kwenye makopo yake safu kwa safu. Květa alisimama katikati ya sebule inayong'aa, akakitazama kichujio. Kilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa ndicho kitu pekee kichafu katika nyumba nzima.

"Leo na wewe," akakiambia.

Alizima pampu. Alivuta mipira, akaisugua ndani kwa brashi ya chupa aliyoifunga kwenye waya, na mwani ukatoka vipande vipande kama mchicha uliopikwa kupita kiasi. Sanduku alilisugua kwa siki mpaka likapiga mlio chini ya kidole. Sponji alizitia kwenye sufuria kubwa ya kuchemshia nguo, na magadi, akazichemsha, akazikamua chini ya bomba mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe. Na hapo akapata mshangao: sponji zilikuwa za bluu! Miaka yote hiyo zilikuwa za bluu nzuri kabisa, na mtu yule hakuwahi kumwambia.

Aliporudisha kila kitu na kuwasha pampu, maji yalirudi kwa mngurumo wa zamani. Květa akajifuta mikono, akaigeukia picha ya Lojza juu ya redio.

"Umeona? Hivi ndivyo inavyofanywa."

Na kwa furaha akawapa samaki chakula mara mbili.

Kesho yake maji yalikuwa na ukungu kidogo. Siku iliyofuata yalikuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji mengi, na samaki waliacha kuchuna mawe. Asubuhi ya siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi aliwakuta wote juu, midomo imetokeza nje ya maji, wakipumua kwa haraka. Wawili walikuwa wamelala ubavu kwenye changarawe. Aliwapa chakula wachangamke. Hawakukigusa, nacho kikashuka polepole katikati yao.

Květa alikaa kwenye kiti cha Lojza, ambacho hakuwahi kukikalia. *Ukiiosha ikatakata, umeiua.* Aliambiwa. Aliambiwa kwa sauti ya upole, mara nyingi, na mtu aliyejua, naye akamwita mvivu. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Na ya Květa yalikuja yakiwa na midomo wazi, mbele ya macho yake.

Prostějov nzima ilikuwa na mtu mmoja mwingine aliyefuga samaki wale, naye ni Ctirad Přikryl, tarishi mstaafu. Yeye na Lojza walikuwa marafiki mpaka siku ya maonyesho ya klabu Lojza aliposema mbele ya watu wote, kwa ule upole wake, kwamba samaki wa Přikryl ni chotara. Angemtukana mama yake ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo hawakusemezana tena. Mazishini Přikryl alisimama nyuma kabisa, akaondoka bila kumpa Květa mkono, na Květa aliliona hilo na kuliweka akiba. Kumpigia simu mtu kama huyo kulimuuma kama kumeza mfupa. Aliitafuta namba, akaumeza.

"Přikryl."

"Bwana Přikryl, ni Zbořilová hapa. Wa Lojza."

Hakusubiri ajibu.

"Samaki wake wanapumulia juu ya maji. Wote."

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha kichujio."

"Umekisafisha vipi?"

"Vizuri," akasema Květa.

Upande wa pili mtu alishusha pumzi ndefu. "Hilo ndilo nililoliogopa. Usiwape chakula hata chembe. Nakuja."

Alikuja kwa miguu kwenye theluji, mzee mrefu mwenye pua nyekundu, koti limetuna kifuani kana kwamba ameficha kuku wa wizi. Mlangoni alivua viatu, kama kila mtu, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimetoboa soksi. Květa alitazama kando. Chini ya kioo cha mlangoni ilikuwepo jozi moja tu ya ndara za kiume, za Lojza, mahali pale pale alipoziacha asubuhi ile ya mkate.

"Zivae," akasema. "Sakafu ni baridi."

Přikryl alizitazama ndara kwa muda. "Lojza atanitokea usiku."

"Akutokee. Angalau mtasemezana."

Akazivaa. Kisha akafungua koti, akatoa mtungi wa achari uliofungwa kwa skafu ya sufu, akauweka mezani juu ya kitambaa cheupe cha sikukuu. Ndani ya maji ya matope kulikuwa na kipande cha sponji, cha kahawia, chenye utelezi, kibaya mno kwa sura. Mkono wa Květa ulijisogeza wenyewe kuelekea mtungi ule.

"Usikiguse!" Přikryl akafoka. "Samahani, Bi Zbořilová. Lakini nimeona macho yako. Usikioshe."

"Sikuwa nataka kukiosha."

"Ulitaka."

"Nilitaka kufuta mtungi tu."

Alisimama mbele ya tangi, akatikisa kichwa. Kisha akaeleza kwa ufupi, maana si wakati wa hotuba: samaki wanakojoa humo humo wanamoishi, kama sisi sote tungefanya tungekuwa samaki, na ndani ya ule uchafu wa sponji kuna vijidudu ambavyo kazi yake ni kuila sumu hiyo. Vinachukua wiki nyingi kuota. Květa alikuwa amevichemsha na magadi.

"Tunahitaji maji ya uvuguvugu, mengi, yaliyokaa. Beseni lako la kuogea ni kubwa?"

"Ni kubwa, ila lina mtu."

Přikryl alichungulia bafuni. Karpi wa sikukuu, yule samaki anayenunuliwa akiwa hai na kuliwa kila mkesha wa Krismasi, mnene kama mto wa kulalia, alikuwa akizunguka polepole kwenye maji ya baridi, akamtazama bila kujali.

"Nyumba ya ajabu hii," akasema. "Huku tunaokoa, huku tunanoa kisu."

"Wale ni jamaa. Huyu ni chakula cha kesho. Usimpe jina, tafadhali, mume wangu alikuwa na tabia hiyo, tukaishia kula saladi ya viazi peke yake."

Wakatumia sufuria na ndoo zote za nyumbani, hata ile sufuria ya kuchemshia nguo. Přikryl akapima joto kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto, akatoa maji ya zamani kwa mpira, akatia mapya kidogo kidogo. Alipofungua sanduku la kichujio na kuziona zile sponji za bluu, alifunga macho kama mtu aliyeona msiba barabarani. Akatoa moja. Mahali pake akaweka kile kipande cha matope kutoka mtungini, kisha akayamimina na maji yake machafu yote juu, na wingu la kahawia likatanda katika tangi la Květa Zbořilová siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi. Květa alijishika mikono yake miwili nyuma ya mgongo.

"Ni nusu ya sponji yangu," alisema Přikryl. "Nimeikata kwa mkasi. Nusu nyingine imebaki kwa wangu, watavumilia."

"Sijui nikushukuru vipi. Na hasa baada ya..." Hakumaliza. "Mazishini hukunipa mkono."

"Sikukupa." Mzee alikaa kwenye ukingo wa kochi, akazitazama ndara miguuni mwake. "Nilikuwa na deni naye, nikaona haya. Hii sponji si yangu, Bi Zbořilová. Ni yenu."

"Yetu vipi?"

"Mwaka ule nilipolazwa kwa nyongo, umeme ulikatika kwangu, kichujio kikasimama siku nyingi. Nikatoka hospitali nakuta maji yananuka, samaki wanapumulia juu kama hawa. Tulikuwa tumeshaacha kusemezana, na wala sikumwambia mtu. Sijui alisikia wapi. Jumapili saa za chakula, mlango unagongwa, Lojza huyo, mtungi ndani ya koti. Akanikabidhi. Akasema neno moja, 'Usiioshe,' akageuka akashuka ngazi. Mimi nikabaki mlangoni kama gogo. Hata asante sikuitoa. Nikasema nitaitoa kesho. Halafu nikasema maonyesho yajayo. Ndiyo hivyo."

Květa alikumbuka Jumapili hiyo. Alikuwa ameoka bata, na kabichi, na maandazi ya kuchemsha, bata aliyemsimamia tangu asubuhi. Na Lojza akainuka mezani kabla ya kijiko cha kwanza, akavaa koti lililotuna kifuani, akatoka bila kusema aendako. Bata alipoa. Květa alimnunia wiki nzima. Aliamini ni kilabu cha pombe, na siku moja, usiku akigeuzageuza shuka, aliamini hata ni mwanamke. Lojza hakujitetea. Alimwacha anune, akatoa takataka, akakaa mbele ya samaki wake, kwa sababu mtu aliyemtukana mwenzake hadharani asingependa isikike kwamba mwenzake huyo alihitaji msaada wake.

"Alikuwa anakwenda kwako," akasema.

"Kwangu."

"Na bata wangu."

"Bata hakuja naye," alisema Přikryl kwa unyenyekevu.

Hapo Květa alilia. Alilia wazi, kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini, ameegemea kioo cha tangi na kukitia alama za vidole bila kujali. Hasira ya wiki moja ya zamani ilimtoka pamoja na miezi yote hii. Na ndani ya sanduku, nyuma ya plastiki aliyoing'arisha kwa siki, kipande kile cha matope kilikuwa kinapitisha maji. Uchafu wa Lojza, ule ule Květa aliousema na kuucheka, ulikuwa umekwenda kuishi kwa mtu mwingine, ukaota, ukarudi nyumbani.

Přikryl alimwacha alie, akajishughulisha na mipira. "Mwani huu uliziba huku ndani, sivyo? Lojza hakuwa na mwani kichujioni. Alikuwa na lile pazia. Lile la kahawia, liko wapi?"

Květa alipangusa pua, akaenda jikoni, akarudi na kitambaa cha deki, akakinyanyua.

Mzee alikitazama kitambaa. Akatazama lesi nyeupe. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, na Květa, macho bado mekundu, akacheka naye mpaka ikabidi akae.

"Basi tafuta kitu cheusi," alisema Přikryl wakati wa kuvaa koti, kopo la biskuti kwapani. "Ufunike sanduku na mipira, mwanga usipite. La sivyo itakapofika masika ni kijani tena. Na mpaka Jumapili wasile. Nitapita kuangalia."

Asubuhi ya mkesha samaki walikuwa wameshuka. Wale wawili wa changarawe hawakuamka, na Květa aliwazika kwenye sanduku la maua la roshani. Lakini wengine walisimama chini kati ya mawe, wakipumua kwa utulivu, na jike mmoja mzee akalisogelea jiwe, akalichuna mara moja, kama anayeonja mchuzi. Květa alimwita bibi, akamshukuru.

Kisha akatafuta kitu cheusi. Alifungua makabati yote, akakuta meupe, ya bluu, ya maua. Nyumba yake haikuwa na kitambaa cheusi hata kimoja, isipokuwa kile alichokivaa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama miguu yake. Mwaka ulikuwa bado. Chini ghorofa ya kwanza aliishi Bi Jurečková, aliyehesabu miezi ya wajane wote wa mtaa kuliko wenyewe walivyoihesabu, na kuvua nyeusi kabla ya wakati katika Haná, jimbo la mji ule, ni jambo la kusemwa mpaka kwa wajukuu. Květa aliwaza hayo kwa haki, upande huu na upande ule. Halafu akavua soksi.

Alizikata ncha za vidole, akazivisha mipira miwili ya kichujio, nazo zikapanda hadi juu, zikabana vizuri bila mkunjo. Sketi aliifumua mishono, akaipima kwenye sanduku, akaishona upya kwa cherehani: kona nne, mfuniko wa juu wenye vifungo ili pafunguke, na matundu mawili ya mipira yaliyopindwa pindo kama ya mfuko wa suti. Alishona kwa makini kuliko alivyowahi kushonea waziri yeyote. Kilipovaa, kichujio kile kilionekana kama bwana anayekwenda kanisani.

Radana alifika alasiri kutoka Brno, theluji kwenye nywele, akambusu mama yake, halafu akarudi hatua moja.

"Mama! Miguu yako!"

"Ina nini?"

"Soksi za kahawia. Na sketi ya bluu! Mwaka wa baba haujaisha. Jurečková amekuona?"

"Nimeshuka na takataka makusudi anione. Vua viatu."

"Mama, watu watasema."

Květa alimshika mkono kama alipokuwa mdogo, akampeleka sebuleni. Samaki walikuwa wanachuna mawe. Ubavuni mwa tangi, mbele ya lesi nyeupe na jua dogo la Desemba, kilining'inia kichujio ndani ya sketi ya msiba, na mipira yake miwili imevaa soksi ndefu nyeusi hadi juu.

"Baba yako maisha yake yote aliitafutia giza hiyo mipira," alisema. "Mimi hakunitafutia giza hata siku moja. Nyeusi imekwenda inapohitajika."

Radana aliinama, akavigusa vifungo vya mfuniko kwa ncha ya kidole. "Na tangi? Klabu wanakuja lini kulichukua?"

"Hawaji. Bwana Přikryl anakuja Jumapili, atakula bata. Atanifundisha kuosha sponji."

"Wewe? Ufundishwe kuosha?"

"Kuosha vibaya," alisema Květa. "Baba yako alijaribu, sikumsikia."

Akakaa kwenye kiti cha Lojza, akamwonyesha bintiye yule jike mzee, na huko bafuni karpi akapiga maji kwa mkia.